Simu au Kompyuta Imeanza Vituko: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufuta Chochote

Kifaa kikianza kuleta vituko, wengi wetu hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kupakua antivirusi ya kwanza inayojitokeza, au kuformati kila kitu na kuanza upya. La kwanza linaweza kukuongezea programu hasidi nyingine juu ya ile uliyonayo. La pili hufuta picha na nyaraka zako bila kugusa kile ambacho mwizi ameshakichukua, maana nywila iliyoibwa jana hairudi kwa kuformati simu leo.

Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona, unatafuta chanzo, halafu unatoa dawa. Kabla ya dalili yoyote, shika jambo moja: dalili zinazopiga kelele, kama matangazo yanayojaa skrini, mara nyingi ndizo zenye madhara madogo. Za kuogopa ni zile za kimyakimya: ujumbe mmoja wenye namba ya uthibitisho usiyoiomba, ruhusa moja uliyoiwasha bila kusoma, laini inayopoteza mtandao ghafla wakati wenzako walio karibu wanao.

Swali la kwanza: kuna kinachovuja sasa hivi?

Jiulize kama pesa, barua pepe au namba yako ya simu viko hatarini dakika hii. Umeona muamala usioujua? Marafiki wanasema unawaomba pesa? Ulisakinisha programu kwa linki uliyotumiwa, na sasa skrini inajibonyeza yenyewe? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, fuata mpangilio huu bila kuruka hatua:

1. Kata mtandao kwenye kifaa hicho. Washa hali ya ndegeni, na hakikisha Wi-Fi nayo imezimika. Kama ni kompyuta yenye waya wa intaneti, uchomoe.
2. Chukua kifaa kingine unachokiamini, hata cha kuazima kwa ndugu, upige simu benki au kwa mtoa huduma wako wa pesa. Tumia namba iliyo kwenye kadi au kwenye tovuti rasmi, kamwe isiwe namba iliyokuja kwenye ujumbe. Waombe wazuie akaunti kwa muda.
3. Kwenye kifaa hicho safi, badilisha nywila ya barua pepe kwanza. Akaunti zako nyingine zote hutuma linki ya kuweka nywila mpya huko huko, kwa hiyo mwenye barua pepe yako ana funguo zote.
4. Ukiwa ndani ya mipangilio ya akaunti, toa vifaa vyote vilivyoingia.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika, na inastahili maelezo. Unapoingia kwenye tovuti, kivinjari huhifadhi kifaili kidogo kiitwacho kuki, ambacho huiambia tovuti kwamba tayari umeshathibitishwa. Kuna programu hasidi ambazo kazi yake ni kuzoa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na kuki hizo, kuzituma kwa mwizi, kisha kujifuta. Mwenye kuki yako anaweza kuingia bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho. Ukibadilisha nywila tu bila kuvitoa vifaa vilivyoingia, huenda mwizi bado yumo ndani.

Na usibadilishe nywila kwenye kifaa unachokishuku. Ninaliona hili mara kwa mara: mtu anashtuka, anashika simu ile ile yenye tatizo, anaandika nywila mpya, na programu iliyokaa humo inaisoma herufi kwa herufi. Amemkabidhi mwizi kufuli na ufunguo wake.

Kwenye barua pepe, angalia mambo mawili zaidi: namba na anwani za kurejesha akaunti, na kanuni za kusambaza barua. Mdukuzi mwenye uzoefu huweka kanuni ya kutuma nakala ya kila barua kwake, au ya kuficha barua zinazotoka benki. Nywila mpya haiifuti kanuni hiyo.

Matangazo yanajitokeza hata usipogusa kitu

Angalia kwanza yanatokea wapi. Yakija kama arifa, soma maandishi madogo yaliyo juu ya arifa yenyewe. Ukiona jina la kivinjari na anwani ya tovuti, hiyo si virusi hata kama inasema "Simu yako ina virusi 5". Ni tovuti ambayo uliwahi kuiruhusu ikutumie arifa, pengine ulipoambiwa ubonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Fungua mipangilio ya kivinjari, nenda kwenye mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na uondoe kila anwani usiyoijua. Yataisha hapo hapo.

Kwa watumiaji wa iPhone kuna aina yake: kalenda inajaa matukio ya kutisha kila siku. Ni kalenda ya mtu mwingine uliyojiunga nayo kwa kubonyeza ukurasa fulani. Usiguse linki iliyo ndani ya tukio. Fungua orodha ya kalenda zako na ufute ile usiyoitambua.

Matangazo yakifunika skrini nzima ukiwa nje ya kivinjari, chanzo ni programu uliyosakinisha. Kuipata si kazi ngumu: tangazo likiwa bado kwenye skrini, fungua orodha ya programu zilizo wazi, na mara nyingi utaona jina au ikoni ya iliyolileta. Njia nyingine ni kuangalia kwenye mipangilio orodha ya programu zenye ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Tochi haina sababu ya kuwa na ruhusa hiyo. Wala kibodi ya mapambo, wala kibadilisha picha. Programu za "kusafisha simu" na "kuongeza kasi" mimi nazishauri zifutwe zote bila kesi. Android inasimamia kumbukumbu yake yenyewe, na nyingi ya programu hizo huishi kwa matangazo.

Yakitokea ndani ya kivinjari tu, hasa kwenye kompyuta, au ukurasa wako wa kutafuta umebadilika bila ruhusa yako, fungua viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, na uondoe usivyovikumbuka. Kivinjari kikikwambia kwamba kinasimamiwa na shirika, na kompyuta ni yako binafsi wala si ya kazini, kuna programu iliyokiwekea sera, yaani mipangilio ya lazima. Wakati mwingine ni antivirusi halali. Kama huna antivirusi ya ziada, tafuta kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa siku ambazo tatizo lilianza.

Simu nzito, inapata moto, chaji na bando vinaisha haraka

Mara nyingi hii si virusi, na nakuomba usipoteze usingizi kwa sababu yake. Betri huzeeka. Simu ambayo hifadhi yake imejaa karibu yote hugandaganda. Baada ya sasisho kubwa la mfumo, kifaa huchemka siku moja au mbili kwa sababu kinapanga upya mafaili yake.

Kinachotofautisha ni takwimu ambazo simu yenyewe inazo. Fungua matumizi ya betri, kisha matumizi ya data, upange kwa programu. Kama inayoongoza ni ya video au ya kuchati, chanzo ni mipangilio ya kupakua picha na video moja kwa moja, na hiyo unaizima ndani ya programu. Lakini ukikuta kikokotoo au kisoma PDF kimetumia data nyingi kikiwa nyuma ya pazia, sasa una sababu ya kushuku. Angalia pia nukta kwenye kona ya juu ya skrini: tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, simu huonyesha alama kila kamera au maikrofoni inapotumika. Ikiwaka nawe hupigi simu wala picha, shusha paneli ya juu, na simu itakutajia programu inayohusika.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone kinachokula kichakataji. Kuna programu zinazotumia kompyuta yako kuchimba sarafu za kidijitali, na baadhi yake hujificha unapofungua dirisha hilo. Dalili yake unaisikia kwa masikio: feni inavuma kwa nguvu kompyuta ikiwa haina kazi, unafungua dirisha, inatulia, unalifunga, baada ya muda mfupi inaanza tena. Kompyuta ya namna hiyo inahitaji uchunguzi wa nje ya mfumo, ambao nitaufikia.

Programu usiyoijua, au inayokataa kufutwa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu wengi zinapopotea kwenye simu za Android.

Njia yake ni hii. Unapokea ujumbe: mzigo wako umekwama, una deni la kodi, kuna picha zako, kuna mkopo umekubaliwa. Linki inakupeleka kupakua faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, nje ya duka rasmi. Tangu Android 8, simu huuliza kama unaruhusu programu hiyo mahususi, iwe kivinjari au ya kuchati, isakinishe programu nyingine; ukurasa wa matapeli unakuelekeza ukubali. Programu ikishaingia, inaomba kitu kimoja tu, nayo inaomba kwa kung'ang'ania: ruhusa ya Ufikivu (Accessibility).

Ufikivu ni huduma iliyoundwa kuwasaidia watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa skrini. Programu yenye ruhusa hiyo inasoma kila kinachoandikwa kwenye skrini na inaweza kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ni msaada mkubwa kwa anayeuhitaji. Kwa mwizi ni kila kitu: anaona salio, anasoma ujumbe wa uthibitisho, anaweka ukurasa bandia juu ya programu ya benki ili uandike namba ya siri, na unapojaribu kuifuta programu yake, inabonyeza kitufe cha kurudi nyuma kabla kidole chako hakijafika. Ndiyo maana watu husema simu "inajifunga yenyewe" wakifungua mipangilio. Mwaka 2022, Android 13 iliongeza kizuizi dhidi ya programu za nje ya duka kupewa Ufikivu kirahisi, lakini matapeli huwaelekeza watu hatua kwa hatua jinsi ya kukiondoa. Mtu akikutumia maelekezo ya kuondoa kizuizi cha simu yako, huna haja ya kuuliza nia yake.

Kuiondoa:

Zima mtandao. Kisha washa simu katika hali salama. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuwasha hadi menyu itokee, halafu unashikilia kwa muda chaguo la kuzima lililo kwenye skrini, unakubali. Katika hali hii programu ulizopakua haziendeshwi, kwa hiyo ile hasidi haiwezi kukuwahi.

Nenda kwenye mipangilio ya Ufikivu, uzime kila huduma usiyoitumia. Kisha tafuta sehemu ya programu zinazosimamia kifaa, kwa kawaida iko chini ya usalama. Programu iliyopewa usimamizi haifutiki mpaka uivue cheo hicho kwanza. Ivue. Angalia pia programu zinazoruhusiwa kusoma arifa, na programu iliyowekwa kama ya msingi ya SMS.

Sasa fungua orodha kamili ya programu, uishushe hadi mwisho taratibu. Usitegemee ikoni za skrini ya mbele, kwa sababu programu hizi huficha yake. Tafuta yenye nafasi tupu mahali pa jina, yenye ikoni ya jumla ya Android, au yenye jina la kujifanya sehemu ya mfumo lakini kitufe cha kuondoa kipo hai. Programu halisi za mfumo kwa kawaida huwezi kuziondoa, unaweza kuzizima tu. Mbili zikiwa na jina linalofanana, moja ina ukubwa mdogo na imesakinishwa juzi, ndiyo hiyo.

Ifute, washa simu upya kwa kawaida, kisha fungua Play Store na uendeshe uchunguzi wa Play Protect, kinga ya Google iliyomo humo. Ukikuta Play Protect imezimwa nawe hukuizima, usiridhike na kufuta programu moja. Rejesha simu kwenye hali ya kiwandani.

iPhone ina njia nyembamba zaidi ya kuingiliwa hivi, lakini angalia mipangilio ya jumla, sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa. Wasifu (faili la mipangilio, "profile") usioujua ukiwepo hapo, uondoe. Na kama unahofia kwamba mtu wa karibu, mwenye kujua namba yako ya kufungua simu, ndiye anayekufuatilia, fikiri kwanza kuhusu usalama wako mwenyewe kabla ya kuondoa chochote: atagundua papo hapo. Tumia simu nyingine kutafuta msaada.

Namba za uthibitisho usizoziomba, au laini imekata mtandao

Ujumbe wenye namba ya uthibitisho ambayo hukuiomba una maana kwamba mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, na akikosa namba hiyo amekwama. Kwa hiyo hatua inayofuata atakupigia au kukuandikia, mara nyingine kwa akaunti ya rafiki yako ambayo ameshaiteka: "Nimekosea nimeweka namba yako, nitumie hizo tarakimu sita." Usitume. Kisha mpigie rafiki huyo kwa simu ya kawaida umjulishe.

Kama umeshatuma na WhatsApp imekutoa, jisajili tena mara moja kwa namba yako. Namba mpya ya uthibitisho ikija kwako na ukaiingiza, aliyeiteka anatolewa. Akiwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa namba yake ya siri, utalazimika kusubiri siku 7, lakini yeye naye atakuwa ameshatoka. Ukirudi ndani, weka namba yako ya siri ya hatua mbili. Hata kama hujatekwa, fungua leo orodha ya vifaa vilivyounganishwa: kompyuta au kivinjari usichokijua humo kinasoma mazungumzo yako bila simu yako kuonyesha dalili yoyote.

Simu zako hazikufikii na watu wanasema inapokelewa na mtu mwingine? Piga *#21#. Wapo wanaosambaza kwamba namba hii inaonyesha kama umedukuliwa. Sivyo. Inaonyesha kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine, basi. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kufuta uelekezaji wote. Kwenye mitandao mingi ya GSM inafanya kazi. Uelekezaji huo unaweza kuwa umeuweka mwenyewe bila kujua, ukifuata maelekezo ya "mhudumu" aliyekutaka upige namba inayoanza na nyota na 21 au 67. Kwa njia hiyo namba za uthibitisho zinazotolewa kwa sauti zinamfikia yeye.

Laini ikipoteza mtandao ghafla na haurudi hata baada ya kuwasha simu upya, huku wengine wa mtandao huo wanapata, chukulia kwamba mtu amesajili laini yako upya. Hakuna antivirusi ya jambo hili. Azima simu, pigia kampuni ya simu wafunge laini, kisha benki. Mpaka wakati huo kila dakika ni yake. Kwa baadaye, hamisha uthibitishaji wa akaunti muhimu kutoka SMS kwenda programu ya kutoa namba au ufunguo wa siri wa kifaa (passkey), pale inapowezekana.

Ukurasa unakwambia una virusi, au unakutaka ubonyeze vitufe

Tovuti haina uwezo wa kuchunguza kompyuta yako na kuhesabu virusi. Ukurasa mwekundu wenye king'ora, namba ya simu ya "msaada" na onyo kwamba usizime kompyuta ni picha tu. Kwenye kompyuta, skrini ikiwa imejaa na kipanya hakitii, shikilia Esc, au funga kivinjari kupitia lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc. Ukikifungua tena, kikitaka kurejesha kurasa za mwisho, kataa. Kama hukupiga namba hiyo wala kupakua kitu, umemaliza. Kama ulipiga na ukamruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, rudi juu kwenye zile hatua nne.

Aina mpya zaidi ni ya hatari, na inawanasa watu makini. Unafungua ukurasa, unaona kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Unabonyeza. Badala ya kuonyeshwa picha za taa za barabarani, unaambiwa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kilichotokea ni kwamba ulipobonyeza kisanduku, ukurasa ulinakili amri ndefu kwenye ubao wa kunakili. Windows na R hufungua kidirisha cha kuendesha amri, Ctrl na V huibandika, Enter huitekeleza. Wewe mwenyewe ndiye umeisakinisha, kwa hiyo vizuizi vingi havina cha kuzuia. Mara nyingi kinachoingia ni zile programu za kuzoa nywila na kuki nilizozieleza. Hakuna uthibitisho halali wa ubinadamu unaotumia vitufe hivyo. Kwenye Mac, maelekezo yanayofanana na hayo hukutaka ufungue Terminal, dirisha lake la kuandikia amri. Ukishafanya, kata mtandao na uhesabu kwamba kila nywila iliyokuwa kwenye kivinjari imeondoka, hata kama kompyuta inaonekana nzima kabisa.

Na ukurasa ukikutaka usasishe Flash Player, programu ya zamani ya kuonyesha video na michezo kwenye kivinjari, ufunge: Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Hakuna sasisho.

Flashi imejaa njia za mkato

Unachomeka flashi, na badala ya makabrasha yako unaona njia za mkato zenye majina yale yale, au moja tu yenye jina la flashi nzima. Usibonyeze yoyote. Mafaili yako kwa kawaida bado yapo. Yamefichwa, na njia ya mkato imewekwa ili ukiibonyeza ifungue kabrasha lako na wakati huo huo iendeshe virusi kwenye kompyuta hiyo.

Chunguza kwanza kompyuta, maana ukisafisha flashi na kompyuta ina ugonjwa, itaambukizwa tena ukiichomeka. Halafu kwenye flashi fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Mafaili yataonekana. Nakili nyaraka zako peke yake, acha chochote chenye mwisho wa .lnk, .vbs, .js au .exe usichokijua, kisha formati flashi.

Ili uione miisho hiyo, washa kwenye Windows uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, kwa sababu huwa imefichwa. Virusi vya ILOVEYOU, vilivyosambaa duniani kuanzia tarehe 4 Mei 2000, vilikuja kama barua ya mapenzi katika faili liitwalo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona .TXT tu. Hila hiyo hiyo bado inatumika kila siku kwenye "ankara" na "wasifu wa kazi".

Mafaili hayafunguki na kuna barua ya kudai pesa

Chomoa mtandao na diski za nje papo hapo, kwa sababu programu ya namna hii hufunga kila inachoweza kukifikia. Piga picha ile barua. Usifute mafaili yaliyofungwa. Kutoka kompyuta nyingine, ingia kwenye mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Unapakia faili moja lililofungwa pamoja na barua, nao wanakwambia kama kuna zana ya bure ya kulifungua. Isipokuwepo leo, hifadhi mafaili hayo, maana funguo hupatikana baadaye wahalifu wanapokamatwa. Kulipa sikushauri: hakuna anayekuhakikishia ufunguo.

Dawa ya kweli hapa hutangulia ugonjwa. Nakala ya mafaili iwe kwenye diski ambayo haichomekwi muda wote, na masasisho yasiahirishwe. WannaCry, programu ya namna hii hii, ilipolipuka Mei 2017 na kufunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ililotumia, tangu Machi mwaka huo huo.

Vifaa vyote vya nyumbani vinapelekwa kwenye tovuti usizoziomba

Tatizo likiwa kwenye simu, kompyuta na televisheni kwa pamoja, na likipotea ukitumia data ya laini, chunguza ruta. Ingia kwenye mipangilio yake, uangalie kama zimebadilishwa anwani za DNS, yaani za huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao. Njia safi ni kuirejesha kiwandani, kusasisha mfumo wake, na kuweka nywila mpya ya msimamizi, tofauti na ya Wi-Fi. Nywila ya kiwandani ndiyo mlango: programu hasidi ya Mirai, mwaka 2016, iliteka ruta na kamera nyingi kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Kuzima na kuwasha kulikuwa kunaiondoa, lakini bila nywila mpya kifaa kilitekwa tena.

Antivirusi imejizima, au uchunguzi hauoni kitu na dalili zipo

Programu hasidi iliyo ndani ya Windows inaweza kujificha Windows ikiwa inaendeshwa. Fungua Usalama wa Windows, sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, kwenye chaguo za uchunguzi, uchague uchunguzi wa nje ya mfumo wa Microsoft Defender. Kompyuta itajizima na kuwaka upya, itachunguzwa kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaanza. Defender inatosha kwa mtumiaji wa kawaida. Huna haja ya kuweka antivirusi mbili, zinagombana. Kama bado unatumia Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Lini uformati, na namna ya kuformati

Formati kama skrini ilikuwa inajiendesha, kama ulinzi ulizimwa bila wewe, kama ulibandika ile amri ya Windows na R, au kama dalili zimerudi baada ya kusafisha. Hifadhi picha, nyaraka na namba za watu tu. Usihifadhi programu wala mafaili ya APK. Usirejeshe nakala kamili ya simu iliyofanyika baada ya tatizo kuanza, maana inaweza kurudisha programu ile ile. Sakinisha programu moja moja kutoka duka rasmi.

Ikitokea simu imeformatiwa, haina programu yoyote ya ziada, na bado matangazo au programu ngeni zinajirudisha zenyewe, basi tatizo limo ndani ya mfumo wenyewe. Hilo lipo: mwaka 2019 Google ilithibitisha kwamba programu hasidi ya Triada ilipandikizwa kwenye baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi. Simu ya namna hiyo haiponi kwa kuformati. Muulize mtengenezaji kama ametoa sasisho la mfumo, na mpaka alitoe, usiweke humo programu ya benki wala barua pepe yako.